Mkia huu wa nini? Maswali yenu kuhusu wanyama wanavyochagua wenza

Toleo lililopita tulieleza uteuzi wa kijinsia kwa aya chache: kwamba sifa fulani huenea katika kizazi si kwa sababu humsaidia mnyama kuishi, bali kwa sababu humsaidia kuzaa. Tukasema njia ni mbili. Madume hupigana na mshindi huzaa, au majike huchagua na aliyechaguliwa huzaa. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba aya chache hazikutosha. Nyingi zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: mnajuaje kwamba jike ndiye aliyechagua? Ni swali zuri, na tunaanza na barua iliyolileta kwa uwazi zaidi.

Huku kwetu Kinangop mvua zikianza tunaona ndege mweusi mwenye mabega mekundu na mkia mrefu kupita kiasi. Siku ya upepo anataabika kweli kuruka. Wanafunzi wameniuliza mkia huo ni wa kazi gani, sikuwa na jibu. Tena nimesikia kuna mtafiti aliyewahi kuikata hiyo mikia hapa hapa kwetu. Ni kweli? (Mwalimu, Nyandarua)

Ni kweli, Mwalimu, na jaribio hilo lililofanyika kwenye nyasi za kwenu husomwa vyuo vikuu duniani kote. Ndege ni kweche mkia-mrefu. Mkia wa dume una manyoya 12, na kati ya hayo sita hadi manane hufika karibu nusu mita. Jike ni wa rangi ya majani makavu yenye michirizi, mkia wake wa sentimita chache tu. Mtu asiyejua angesema ni ndege wa aina nyingine. Dume hushika eneo la nyasi, na jike akipita, hupaa polepole huku ameukunjua mkia chini yake kama tanga. Majike hujenga viota ndani ya eneo hilo na kulea makinda peke yao. Dume hasaidii kitu.

Mtafiti aliitwa Malte Andersson, Msweden, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1982 katika jarida la Nature. Alitumia madume 36, kila mmoja na eneo lake, akawapanga katika makundi tisa ya wanne wanne. Kabla ya kumgusa yeyote alihesabu viota vilivyokuwa tayari katika kila eneo. Kisha katika kila kundi dume mmoja alikatwa mkia ukabaki kama sentimita 14. Vipande vilivyotoka kwake viligundishwa kwa gundi kali, ile inayokauka papo hapo, kwenye mkia wa dume wa pili, ukarefuka kwa sentimita 20 hadi 30. Wa tatu alikatwa mkia, halafu akarudishiwa vipande vyake mwenyewe. Wa nne hakukatwa kabisa. (Ndege hawakuumia: unyoya ukishakomaa hauna uhai, kukatwa kwake ni kama kukata kucha.)

Mwulize mwanafunzi wako huyo wa tatu alikuwa wa nini. Akijibu sawasawa, ameelewa sayansi. Kama Andersson angewalinganisha waliorefushiwa na wasioguswa tu, mtu angeweza kusema tofauti imeletwa na kushikwa, na gundi, au na hofu ya ndege. Dume wa tatu alipitia yote hayo, akatoka na mkia wake wa kawaida.

Baada ya hapo viota vikahesabiwa tena. Waliorefushiwa mikia walipata viota vipya vingi kuliko makundi mengine yote, na ukiwaweka karibu na waliofupishiwa, tofauti ni zaidi ya maradufu. Kabla ya mkasi hapakuwa na tofauti. Sasa tunafika kwenye swali la mwanzo. Je, haiwezekani kwamba mkia mrefu uliwatisha madume wengine, na majike wakafuata tu eneo bora? Andersson alilitazama hilo pia. Waliofupishiwa hawakunyang'anywa maeneo yao, na hawakupunguza kuruka kwa madaha. Madume wenzao hawakuujali mkia. Waliojali ni majike.

Utauliza, basi kwa nini asili yenyewe haijaufikisha mkia sentimita 75, ikiwa majike wangeupenda? Jibu umelitoa mwenyewe ulipotaja upepo. Mkia una gharama zake: nguvu za kuukuza, uzito wa kuubeba, urahisi wa kuonwa na mwewe. Hukoma kurefuka pale hasara inapolingana na faida.

Kuna nyongeza moja tunayoipenda. Binamu wa ndege huyu, kweche mwenye ukosi mwekundu shingoni, alichunguzwa Afrika Kusini na Sarah Pryke na Staffan Andersson (si yule wa Kinangop). Walikuta pambo kila moja lina hadhira yake. Mkia huwalenga majike. Ukosi mwekundu huwalenga madume: mwenye ukosi mkubwa na mwekundu zaidi huheshimiwa na wapinzani. Kwa hiyo usiseme "pambo" kwa jumla; uliza kwanza linatazamwa na nani.

Wanafunzi wasijaribu kurudia kazi ya mkasi. Kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa, na gundi ikigusa ubawa imemwua ndege.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini huku kwa wanyama naona kizuri ndicho kinachojitembeza! Jike anapata nini kwa kumchagua mwenye madaha, ikiwa dume mwenyewe hata hasaidii kulea? (M.S., Tanga)

Tumecheka, M.S., maana umegusa ugomvi wa zaidi ya miaka mia moja. Darwin aliuandika mwaka 1871 kwamba majike wana uteuzi wao, akaishia hapo bila kueleza ladha hiyo ilitoka wapi. Wallace, aliyeivumbua nadharia ya uteuzi wa asili sambamba naye, hakukubali. Kwake rangi za madume zilitokana na nguvu za mwili kufurika tu, na jike alikuwa wa rangi hafifu ili asionekane akiwa kiotani.

Mahali ambapo dume analeta kitu, mambo ni mepesi: chakula, eneo lenye maji, ulinzi. Jike huchagua kama mpangaji anavyochagua nyumba. Kazi ngumu ni pale dume anapoleta mbegu tu. Hapo kuna majibu makubwa mawili.

La kwanza ni la Ronald Fisher, lililokamilika mwaka 1930. Tuseme majike wengi wanapenda mkia mrefu, kwa sababu yoyote ile ya mwanzo. Jike akimchagua mwenye mkia mrefu, atazaa watoto wa kiume wenye mikia mirefu, nao watapendwa na majike wa kizazi chao. Binti zake watarithi ladha ya mama. Mkia na ladha vinasukumana kizazi baada ya kizazi, mpaka gharama ivizuie. Katika hesabu hii mkia hausemi lolote kuhusu afya; unapendwa kwa kuwa unapendwa.

La pili ni la Amotz Zahavi, 1975: mkia unaaminika kwa sababu ni mzigo. Dume dhaifu hawezi kuubeba na akaishi, kwa hiyo anayeubeba ametoa ushahidi usioghushiwa. W. D. Hamilton na Marlene Zuk waliongeza mwaka 1982 kwamba ushahidi huo hasa ni wa vimelea na magonjwa: rangi kali na manyoya yanayong'aa humwambia jike kwamba mwili huu umewashinda minyoo.

Watu hupenda jibu la Zahavi kwa sababu linampa kila mnyama sababu nzuri. Sisi tunaona jibu la Fisher linapuuzwa bila haki. Linaweza kufanya kazi bila faida yoyote ya kiafya, na mtu anayedai pambo fulani ni "dalili ya afya" anapaswa kuonyesha kipimo, asitegemee tu kwamba inaingia akilini.

Nina matetea 18 wa kienyeji na majogoo wawili. Jogoo mkubwa anawapanda wote kwa nguvu, lakini baadhi ya matetea humkimbilia yule mwingine. Vifaranga ni vya nani? Na kwa nini wamkatae mkubwa? (Mfugaji, Dodoma)

Kuku wa kienyeji wametokana na kuku-mwitu mwekundu wa Asia, na tabia nyingi za porini bado wanazo. Mwaka 1990 Zuk na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa kuku-mwitu: vifaranga wengine waliambukizwa minyoo ya utumbo, wengine wakaachwa safi. Walipokua, majogoo waliokuwa na minyoo walikuwa na upanga mfupi na uliofifia. Matetea walipopewa nafasi ya kuchagua kati ya wawili, waliwaendea wasio na minyoo takriban mara mbili zaidi. Walichokitazama hasa ni upanga wa kichwani na jicho, zaidi ya ukubwa wa mwili. Basi mtazame jogoo wako mkubwa. Upanga wake ukiwa umepauka au umelegea, matetea wameona kabla yako.

Kuhusu vifaranga ni vya nani: kupanda si kuzalisha. Mwaka 2000 Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walionyesha kwamba tetea aliyelazimishwa na jogoo wa daraja la chini huweza kuzitoa mbegu zake nje mara tu jogoo anaposhuka. Zilizobaki huhifadhiwa katika vijifuko vidogo ndani ya njia ya yai, nazo hubaki hai wiki mbili, wakati mwingine hadi tatu. Kwa hiyo uchaguzi wa tetea unaendelea hata baada ya kupandwa.

Kwa banda lako hili lina maana ya vitendo. Jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10 yatosha, hivyo wawili kwa 18 ni sawa. Lakini ukitaka mbegu ya jogoo fulani, mtenge na matetea wake, na usianze kukusanya mayai ya kuatamia kabla ya wiki tatu kupita tangu jogoo wa zamani atoke. Wengi hungoja siku tatu nne, kisha wanashangaa vifaranga kufanana na jogoo aliyekwisha kuliwa. Wape dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, majogoo nao wasisahauliwe. Na tetea mwenye mgongo uliochubuka manyoya si mgonjwa: ndiye anayependwa mno, au majogoo wamezidi.

Ninaendesha watalii Serengeti. Wageni huuliza kama simba mwenye manyoya meusi shingoni ndiye mfalme. Nami huwajibu ndiyo. Nimekuwa nikidanganya? (Dereva, Arusha)

Hujadanganya sana. Peyton West na Craig Packer walilijibu hili Serengeti kwa njia iliyowachekesha wengi: walitengenezewa masanamu ya simba dume ya ukubwa halisi, yenye manyoya ya shingoni yanayobadilishwa, marefu au mafupi, meusi au ya rangi nyepesi. Waliyaweka mawili mawili porini, wakasubiri simba wa kweli waje.

Majike walimwendea mwenye manyoya meusi, urefu haukuwashughulisha. Madume walifanya kinyume, wakamkaribia mwenye manyoya mafupi au mepesi rangi, na kumkwepa mwenye marefu na meusi. Unaona tena hadhira mbili, ila safari hii pambo moja linasomwa na wote. Vipimo vya simba hai vilionyesha kwamba weusi huendana na testosteroni (homoni ya kiume) nyingi, na kwamba waliojeruhiwa manyoya yao hufupika. Matokeo yalitoka mwaka 2002.

Wageni waambie na upande wa pili, ambao madereva wengi hawautaji. Manyoya meusi ni koti zito juani. Watafiti waliona simba hao wana joto zaidi mwilini (walitumia kamera za kupima joto), mbegu zenye kasoro nyingi zaidi, na miezi ya joto hula kidogo. Ndiyo maana ukivuka kwenda Tsavo utakuta madume wenye manyoya haba, wengine karibu hawana. Si kwamba wote ni wa ukoo duni. Simba waliofugwa katika bustani za wanyama za nchi baridi huota manyoya mengi zaidi. Bruce Patterson na wenzake walikadiria mwaka 2006 kwamba hali ya hewa inaeleza hadi nusu ya tofauti za urefu na wingi wa manyoya hayo. Kwa hiyo linganisha simba wa mahali pamoja. Wa Tsavo na wa Ngorongoro hawako kwenye mizani moja.

Tausi wa Ikulu hapa Dar es Salaam: je, mkia ule hudumu maisha yote? Na ni kweli jike huhesabu yale macho? (F.A., Kigamboni)

Haudumu. Dume hudondosha manyoya yale yote kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huotesha upya. Ukitaka kuokota bila kumsumbua ndege, huo ndio wakati.

Kuhusu kuhesabu, hakuna anayedai jike anahesabu moja mbili tatu. Darwin aliandika kwa rafiki yake Asa Gray mwaka 1860 kwamba kila akitazama unyoya wa tausi huugua, kwa sababu nadharia yake ya uteuzi wa asili haikuweza kuueleza. Zaidi ya karne moja baadaye Marion Petrie, katika bustani ya Whipsnade nchini Uingereza, alikuta madume wenye macho mengi mkiani wanapata majike wengi. Alipowakatia baadhi macho 20 kati ya takriban 150, bahati yao ilishuka. Mwaka 1994 alionyesha pia kwamba watoto wa baba waliopambwa zaidi walikua vizuri zaidi na wengi wao waliishi.

Ikawa kama kesi imefungwa. Lakini mwaka 2008 Mariko Takahashi na wenzake wakachapisha matokeo ya miaka saba huko Japani, mipando 268, wasione uhusiano wowote kati ya ubora wa mkia na kuchaguliwa. Ugomvi ulikuwa mkali. Maoni yetu: majaribio yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Kukata macho 20 humshusha dume chini ya kiwango cha kawaida, na jike hutambua upungufu huo. Hilo halisemi kwamba kati ya madume walio kamili jike hutofautisha 150 na 155.

Msomaji wa Kisangani ametuuliza kama tausi wapo Afrika wa asili. Wapo, na wako kwake. Tausi wa Kongo aligunduliwa kwa namna ya ajabu. James Chapin aliona unyoya mmoja katika kofia ya manyoya mwaka 1913 asiweze kuutambua, hadi mwaka 1936 alipokuta ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wakiwa na kibandiko cha tausi wa kawaida. Dume wake hana mkia ule mrefu. Huishi na jike mmoja, na wote wawili hulea. Hili linapatana vizuri na nadharia: dume anayelea hapati faida kubwa kwa kuwavutia majike kumi, kwa hiyo hana sababu ya kulipia mkia wa mita moja na nusu.

Na wanadamu je? (K.J., Mombasa)

Kwetu huchagua wote wawili, na mara nyingi huchagua pia wazazi, wajomba na mahari. Jaribio la Kinangop halifanyiki hapo, na anayekupa jibu la mkato amekuuzia kitabu.

Mimi ni mvuvi, Ghuba ya Mwanza. Zamani furu walikuwa wa rangi nyingi, wekundu, wa buluu, wa manjano. Siku hizi wengi ni wa kijivu. Tunaambiwa sangara aliwala. Ni sangara peke yake? (Msomaji, Mwanza)

Sangara aliwala kwa wingi, hasa miaka ya 1980. Lakini rangi kufifia kuna sababu nyingine, nayo inahusu macho ya majike.

Chukua furu wawili wanaojulikana sana kwa watafiti. Mmoja dume wake ni wa buluu-kijivu, huishi kwenye miamba karibu na uso wa maji. Mwingine dume ana mgongo mwekundu, hukaa chini kidogo. Jina lake la kisayansi ni *Pundamilia nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Majike wa aina zote mbili hufanana, wa kijivu-manjano, na hulea mayai mdomoni. Ukiwazalisha aina moja na nyingine, watoto hutoka wazima na huzaa. Kinachowatenga si mwili. Ni jike kumchagua dume wa rangi yake.

Ole Seehausen na wenzake waliwaweka majike ndani ya tangi lenye mwanga mweupe: kila mmoja alimwendea dume wa aina yake. Wakabadilisha taa, wakaweka mwanga wa rangi ya chungwa pekee unaofanya nyekundu na buluu zisitofautiane. Majike wakapoteza uchaguzi, wakawaitikia madume wote kwa kiwango sawa.

Ziwani jambo hilo linatokea bila taa ya mtu. Udongo unaosombwa mashambani, mbolea na maji taka hulisha mwani, maji yanakuwa tope, na mwanga unaopenya chini ni wa manjano-mekundu tu. Kwenye kisiwa cha Makobe maji ni angavu, na aina mbili hizo bado zimetengana wazi. Ukiingia ndani ya ghuba kuelekea Luanso, kwenye maji machafu, utawakuta machotara wasio na rangi ya kueleweka. Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walilieleza hili mwaka 1997. Kwa hiyo hata sangara angeondolewa kesho, furu wa rangi hawatarudi maji yakibaki hivi, kwa sababu jike hamwoni wa kumchagua.

Kwa nini kila mara ni jike anayechagua na dume anayejipamba? Hakuna wanaogeuza? (Mwanafunzi wa chuo, Nakuru)

Wapo, na wako jirani yako. Nenda Ziwa Naivasha utazame ndege yule mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Jike ni mkubwa kuliko dume, ana eneo lenye madume kadhaa, na hupigana na majike wenzake kulilinda. Dume huatamia mayai manne, kisha huwabeba makinda chini ya mabawa, miguu yao ikining'inia nje. Robert Trivers alitoa kanuni yake mwaka 1972: anayewekeza zaidi katika kulea ndiye anayechagua, anayewekeza kidogo hushindania. Jinsia yenyewe si sheria.

Fisi wa Ngorongoro wanastahili kutajwa. Maumbile ya jike ni ya kipekee kiasi kwamba dume hawezi kumlazimisha hata kidogo, hivyo uchaguzi wote ni wake. Oliver Höner na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba fisi jike kijana hupendelea madume waliozaliwa au kuhamia katika ukoo baada ya yeye kuzaliwa. Hajui baba yake ni nani, ila kwa kanuni hiyo rahisi humkwepa karibu kila mara. Madume nao, wakifuata palipo na majike wa kuwakubali, huhama.

Na madume wa nyamera kule Masai Mara hudanganya. Jike aliye tayari kupandwa akianza kuondoka eneoni, dume hutazama mbele na kukoroma ile sauti ya kuonya kwamba kuna simba, ilhali hakuna. Jike husita, na dume hupata nafasi. Jakob Bro-Jørgensen alirekodi sauti hizo na kukuta ya uongo haitofautiani na ya kweli.

Nataka klabu ya sayansi ichunguze uchaguzi wa jike bila kukamata mnyama na bila fedha. Tuanzie wapi? (Mwalimu, Morogoro)

Anzia kwenye mti wa minana. Dume mwenye rangi ya manjano husuka kiota, kisha hujining'iniza chini yake kichwa chini, akipiga mabawa na kupiga kelele. Jike huingia, huvutavuta nyuzi kwa mdomo, akiridhika hubaki. Kazi ya Nicholas na Elsie Collias ilionyesha kwamba majike hupendelea viota vibichi, vya kijani. Kiota kilichokauka bila kukubaliwa, dume mwenyewe hukibomoa na kusuka kingine.

Subirini msimu wa mvua. Chagueni viota 12 hivi vinavyoonekana vizuri, mchore mti kwenye karatasi na kuvipa namba hapo. Msitie rangi wala kamba mtini. Kaeni umbali wa mita 15 hadi 20, kila siku saa moja hadi saa mbili asubuhi, kwa wiki tatu. Mtoto mmoja asitazame zaidi ya viota vinne, akizidisha atakosa mengi. Kwa kila kiota andikeni tarehe kilipoanzwa, rangi ya leo (kijani, manjano, kahawia), mara ngapi jike ameingia, na alikaa sekunde ngapi. Dalili ya kukubaliwa ni jike kuanza kuleta majani laini ya kutandika ndani. Jike kuingia tu si dalili, wengi huingia na kutoka.

Makosa yanayoharibu kazi hii ni mawili. La kwanza ni kusahau kwamba dume mmoja ana viota kadhaa. Mkiona viota vitano vya kijani vimekubaliwa, huenda vyote ni vya dume yule yule, na majike wanampenda yeye au tawi lake. Linganisheni viota vya dume mmoja kwa vyake, kwanza. La pili hudanganya hata watu wazima. Mwisho wa wiki ya tatu mtakuta viota vya kahawia vitupu ni vingi, na mtoto ataandika "majike hawapendi kahawia". Lakini kiota kitupu kimekuwa cha kahawia kwa sababu kilikataliwa kikiwa kijani. Ndiyo maana ya ile tarehe ya kuanzwa: hesabuni kila siku, kati ya viota vyote vilivyo wazi siku hiyo, vya siku tatu vilivyokubaliwa ni vingapi na vya siku nane vingapi. Bila safu hiyo daftarini, msianze.